Mkwaju Ukizuiwa, Mpira Unakuwa wa Nani?

Swali: "Mtaalamu, salaam. Tunaishi Irving, Texas, na kijana wangu Amani ndiye mpiga mikwaju wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule yake ya sekondari. Ijumaa iliyopita walikuwa kwenye jaribio la nne, la mwisho kati ya manne ya kupata yadi 10, zimebaki yadi 6, mpira uko yadi ya 18 ya wapinzani, wakaamua kupiga fildi goli, yaani mkwaju wa kupitisha mpira kati ya milingoti ya goli. Mpinzani mmoja aliuparaza kwa vidole pale pale mstarini, timu mbili zinapokabiliana, ukapoteza nguvu, ukaanguka mbele na kuanza kubingirika. Mlinzi wao akainama kuuokota, ukamponyoka, na Amani akaulalia kwenye yadi ya 5. Waamuzi wakatupatia sisi mpira na jaribio la kwanza. Jukwaani ikawa vurugu. Mmoja anasema mpira ulishakufa ulipozuiwa. Wa pili anasema hata yule mlinzi asingeugusa ungekuwa wetu, maana uliguswa mstarini. Wa tatu anasema ulikufa kabla hata ya kupigwa, kwa sababu aliyeushika alikuwa amepiga goti. Nani yuko sahihi? Na ingekuwa NFL, ligi ya kulipwa, ingekuwaje? Baba Amani."

Baba Amani, salaam, na hongera kwa kijana. Waamuzi walipatia. Wale watatu wa jukwaani hawakupatia, ingawa kila mmoja ana kipande cha kanuni ya kweli mkononi. Vipande hivyo vimetoka kwenye vitabu tofauti, au vimekatwa kabla sentensi haijafika kwenye neno "isipokuwa", na katika kanuni za mikwaju neno hilo ndilo lenye uzito.

Tuanze na kitabu chenyewe, kwa sababu Marekani haina kitabu kimoja cha kanuni za futiboli. Ligi ya kulipwa, NFL, ina chake. Vyuo vikuu vinatumia cha NCAA. Shule za sekondari karibu nchi nzima zinatumia cha shirikisho lao, NFHS. Texas imejitenga: sekondari zake za umma zinacheza kwa kitabu cha NCAA, pamoja na marekebisho machache ya UIL, chombo kinachosimamia michezo ya shule huko kwenu. Kwa hiyo mechi ya Amani ilichezeshwa kwa kanuni za vyuo. Jirani yako jukwaani aliyekulia Oklahoma, ng'ambo tu ya Mto Red, alicheza sekondari kwa kitabu kingine, na yule anayejifunza kwa kutazama televisheni Jumapili amejifunza cha tatu. Mabishano mengi ninayoyasikia uwanjani ni ya watu wanaojua kanuni vizuri kabisa, ila si za mechi iliyo mbele yao.

Sasa tufuate mpira tangu ulipotoka mikononi mwa mrushaji, yule anayeanzisha mchezo kwa kuurusha nyuma, hadi ulipolaliwa. Ukibishana kuhusu mkwaju bila kufuata mpangilio huo, utapotea.

Goti kwanza. Kwenye kanuni za NCAA, mwenye mpira akigusa ardhi kwa sehemu yoyote ya mwili isiyo mkono au mguu, mpira umekufa, hata kama hakuna mpinzani aliyemgusa. Yule wa tatu analijua hili, na analijua vizuri. Lakini kanuni hiyo ikiachwa hivyo, mkwaju wa kuweka mpira chini usingewezekana kabisa, maana anayeupokea na kuusimamishia mpigaji huwa amepiga goti tangu mwanzo. Ndiyo maana kitabu kinamtoa waziwazi: mchezaji aliye tayari kuushika mpira kwa ajili ya mpigaji anaweza kuupokea akiwa na goti chini, na kutoka hapo anaruhusiwa kuusimamisha upigwe, kuinuka na kukimbia nao, au kuutupa. Kinga ni yake, na ni kwa ajili ya kazi hiyo tu. Kwenye NFL hoja hii haizuki, kwa sababu kule mwenye mpira akiwa chini bila kuguswa na mpinzani bado mpira uko hai. Kwa hiyo goti halikuua chochote.

Mpira ukapigwa. Hapa ndipo ilipo kanuni ambayo ningependa kila mzazi wa mpiga mikwaju aijue kwa moyo: mkwaju ukishapigwa, unaendelea kuwa mkwaju mpaka mtu aumiliki mpira au mpira ufe. Kuguswa hakuumalizi. Kuzuiwa hakuumalizi. Kuanguka chini na kudunda hakuumalizi. Sisi tuliokulia kwenye soka tuna mfano wa karibu: kipa akipangua penalti, mpira haufi, na mpigaji ana haki ya kuufuata. Wa kwanza jukwaani, aliyesema mpira ulikufa ulipozuiwa, alipaswa kuuliza firimbi ilipulizwa lini. Haikupulizwa, na haikupaswa kupulizwa. Waamuzi wa futiboli hufundishwa kuitoa firimbi mdomoni mkwaju unapopigwa, ili wasijikute wameipuliza kwa mazoea wakati mpira bado unatafutwa.

Kama mkwaju bado ni mkwaju, kinachoamua nani anaweza kuuchukua ni mahali ulipo. Fikiria mstari wa mpambano, pale mpira ulipokuwa umewekwa kabla ya kurudishwa nyuma. Mpira uliozuiwa ukibaki nyuma ya mstari huo, upande wa timu iliyopiga, ni wa yeyote atakayeuwahi, na yeyote atakayeuwahi anaweza kukimbia nao. Timu iliyopiga ikiuwahi inaweza hata kuutupa mbele au kupiga mkwaju mwingine. Ila kumbuka lilikuwa jaribio la nne: mwenzake Amani angeuokota nyuma ya mstari na kukimbia, angelazimika kuzifikia zile yadi 6. Akiangushwa baada ya kupata yadi tano tu kati ya hizo, wapinzani wanachukua mpira pale pale. Mkwaju kuzuiwa hakuzai majaribio mapya.

Mpira ukivuka mstari, hesabu inageuka. Timu iliyopiga inapoteza haki ya kuuchukua mpaka kwanza mpinzani auguse huko mbele. Mchezaji wa timu iliyopiga akiugusa kabla ya hapo, hafanyi kosa la kupewa adhabu ya yadi, bali anawapa wapinzani haki ya kuuchukua mpira mahali alipougusa. Na ndipo wa pili jukwaani anapoingia na hoja yake: "Lakini uliguswa! Yule mrefu aliuparaza kwa vidole mstarini!"

Ni kweli uliguswa. Ila kitabu kinauhesabu mguso ule kana kwamba haukutokea, na kina sababu nzuri. Wazuiaji na wapinzani wamebanana mstarini, mikono imeinuliwa, na kazi halali kabisa ya anayekinga ni kuuzuia mkwaju. Kama kila kidole kilichoupata mpira pale kingeipa timu iliyopiga haki ya kwenda kuuokota mbele na kupata majaribio manne mapya, hakuna kocha angemruhusu mchezaji wake ainue mkono. Kuzuia mkwaju, ambako ni sanaa, kungegeuka kuwa hatari kwa anayezuia. Kwa hiyo mguso wa kuzuia uliotokea nyuma ya mstari au juu yake hauhesabiwi.

Utata ni kwamba anayezuia hasimami kama sanamu. Anasukuma, anaruka, na vidole vyake vinaweza kuwa vimevuka mstari kwa yadi moja au mbili anapoufikia mpira. Je, hapo ameuzuia, au ameugusa mbele ya mstari? NCAA wamemaliza ubishi kwa namba: anayekinga akiuzuia mkwaju akiwa si zaidi ya yadi 3 mbele ya ukanda wa mstari (nafasi ya urefu wa mpira inayotenganisha timu mbili), anahesabiwa kuwa ameuzuia ndani ya ukanda huo. Sekondari za NFHS wana wazo lile lile, lakini kipimo chao ni yadi 2. Yadi moja hiyo si ndogo. Mkono unaoupata mpira yadi mbili na nusu mbele ya mstari unahesabiwa kuwa kizuizi Texas, lakini ukivuka Mto Red, mkono ule ule unaweza kuifungulia timu iliyopiga mlango wa kuuokota mpira. Kwa ulivyoeleza, vidole vya yule mrefu vilikuwa mstarini penyewe, basi hakuna kitabu kati ya vitatu kinachouhesabu mguso huo.

Kwa hiyo wa pili amekosea, na kosa lake ndilo la hatari zaidi kwa kijana anayecheza. Mpira ulipovuka mstari ukiwa umeparazwa tu, Amani na wenzake hawakuwa na haki nao. Haki yao ilizaliwa sekunde ile mlinzi alipoinama na mpira ukagonga mikono yake. Mguso huo ulitokea mbali kabisa na mstari, na hakuna yadi 3 za kumkinga. Tangu hapo kila mtu uwanjani angeweza kuulalia. Amani akawahi. Kanuni inasema timu iliyopiga ikiuchukua mkwaju kihalali mbele ya mstari, mpira unakufa hapo hapo na timu hiyo inapata jaribio la kwanza. Zile yadi 6 hazitazamwi tena. Wala asingeweza kuinuka na kukimbia nao hadi eneo la goli. Yadi ya 5 ndiyo ilikuwa mwisho wake hata kama njia ilikuwa nyeupe.

Mfano mkubwa kuliko yote wa jambo hili ulitokea hapo hapo mjini kwenu. Tarehe 25 Novemba 1993, Siku ya Shukrani, katika mechi ya NFL, Dallas Cowboys walikuwa wenyeji wa Miami Dolphins kwenye uwanja wa Texas Stadium, Irving, ambao ulibomolewa mwaka 2010. Siku hiyo theluji ilifunika uwanja, jambo ambalo wewe mkazi wa huko unajua ni nadra. Dallas wanaongoza 14 kwa 13, zimebaki sekunde 15, na Pete Stoyanovich wa Miami anapiga fildi goli ya yadi 41. Jimmie Jones wa Dallas anauzuia. Mpira unavuka mstari na kwenda kuzunguka peke yake kwenye theluji. Wachezaji wa Dallas wanaanza kushangilia, na wako sahihi: mpira umezuiwa mstarini, mguso wa Jones hauhesabiwi, Miami hawana haki nao. Ukiachwa uzunguke mpaka utulie, mechi imekwisha.

Mchezaji mmoja wa Dallas, Leon Lett, anakuja mbio na kujaribu kuuchukua. Anateleza, mguu unaupata mpira, mpira unaruka mbele, na Jeff Dellenbach wa Miami anaulalia kwenye yadi ya 1. Miami wanapata jaribio jipya zikiwa zimebaki sekunde 3. Stoyanovich anapiga tena, safari hii yadi 19, na Miami wanashinda 16 kwa 14. Watu wamemsema Lett kwa miaka mingi, na naona hawakumtendea haki. Silika ya kila mchezaji ni kuukimbilia mpira ulio huru, na amefundishwa hivyo tangu utotoni. Kanuni hii inamtaka afanye kinyume, ndani ya sekunde moja, akiwa kwenye barafu. Timu nyingi zina neno la kupigiana kelele mpira wa namna hiyo unapobingirika, ili kila mtu aukimbie. Yule mlinzi wa Ijumaa huenda hakulisikia kwa kelele, au hakuna aliyelipaza.

Tazama sasa mikono yake, maana hapo ndipo mwamuzi alipokuwa na uamuzi mgumu kuliko wote usiku ule, na jukwaani nadhani hakuna aliyeuona. Mpira "ulimponyoka". Swali ni kama ulimponyoka kabla hajaumiliki au baada. Akiwa ameupapasa tu, vidole vikaugusa ukaenda, mkwaju unaendelea kuwa mkwaju, na matokeo ni haya uliyoyaona. Lakini tuseme aliuokota, akaukumbatia, akapiga hatua mbili kuelekea upande wenu, halafu ukamtoka. Hapo mkwaju ulikwisha alipoukumbatia. Mpira ukawa wake, na alichofanya baadaye ni kuudondosha mpira anaoumiliki. Huo unaweza kuchukuliwa na yeyote, na anayeuchukua anaruhusiwa kukimbia. Amani angeweza kuuokota na kuingia nao eneo la goli kwa tachidauni, yaani goli la kuuingiza mpira kwa mkono. Mchezo ule ule, mikono ile ile, tofauti ni kama mpira ulitulia mikononi kwa nukta moja au haukutulia.

Kitabu cha NCAA kinasema kumiliki ni mchezaji kuushika au kuudhibiti mpira huku yeye mwenyewe akiwa amegusa ardhi ndani ya uwanja. Hakisemi kwa muda gani, wala hakikupi kipimo cha vidole vingapi. Ni hukumu ya mwamuzi anayekimbia, usiku, chini ya taa za uwanja wa shule. Ninachokitazama mimi ninapochezesha ni kama mpira bado unazunguka ndani ya mikono. Mshono wa mpira ukiwa unaonekana ukigeuka kati ya viganja, sijamhesabia umiliki. Huenda ulimwona mwamuzi mmoja akitupa kifuko kidogo chini, si kitambaa cha njano cha adhabu. Kifuko hicho hakimaanishi kosa. Anakitupa kuweka alama: hapa mkwaju ulikwisha, au hapa mpira ulidondoshwa, au hapa timu iliyopiga iliugusa kabla ya haki yake. Safari ijayo tazama kifuko kinaanguka wapi na nani yuko karibu nacho. Kitakuambia mwamuzi ameona nini kabla hajafungua mdomo.

Kuna tundu lingine hapo hapo. Ingekuwaje kama mlinzi hakuugusa kwa kutaka, bali mmoja wa wenzake Amani alimsukuma ukamgonga mguuni? Mguso wa kulazimishwa hauhesabiwi. Kitabu hakiwaruhusu waliopiga wajitengenezee haki kwa kumtupa mpinzani juu ya mpira. NFL nao wanasema hivyo. Ugumu ni kujua alisukumwa au alikuwa anajisogeza mwenyewe, na waamuzi wawili wazuri wakisimama pembe tofauti wanaweza kutofautiana kwa haki kabisa.

Nirudi kwa wa pili kidogo, kwa sababu unastahili kujua nini kingetokea kama yule mlinzi angeuacha mpira. Tuseme umetulia kwenye yadi ya 5 bila kuguswa na mtu yeyote. Kwa NCAA, fildi goli iliyokosa na isiyoguswa na wapinzani mbele ya mstari inawapa wapinzani mpira pale ulipokuwa umewekwa kabla ya mchezo, isipokuwa kama palikuwa ndani ya yadi yao ya 20, ambapo wanaanzia yadi ya 20. Mpira ulikuwa yadi ya 18. Wangeanzia ya 20. Kwa NFL kipimo ni mahali mpigaji alipoupigia. Kama Amani alipigia kwenye yadi ya 25, kama ilivyo kawaida ya kurudi yadi saba nyuma, wangeanzia ya 25. NFL walihamia kipimo hicho mwaka 1994, na kinazitia timu woga wa kupiga kutoka mbali sana, kwa kuwa ukikosa unampa mpinzani uwanja mfupi.

Hapo una jibu la swali lako la NFL pia. Kuhusu nani angepata mpira baada ya kumponyoka yule mlinzi, NFL wangeamua kama walivyoamua waamuzi wenu, na mechi ya 1993 ndiyo ushahidi. Tofauti ingekuwa pale tu ambapo hakuna aliyeugusa.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakuja tu: je, mkwaju ulioparazwa ukipita kati ya milingoti na juu ya mtambaapanya, ni goli? Ni goli. Mguso wa anayekinga hauliharibu. Linaloliharibu ni mpira kugusa ardhi, au kumgusa mchezaji wa timu iliyopiga, kabla haujapita. Ndiyo maana usikate tamaa mkono unapoupata. Januari 6, 2019, Cody Parkey wa Chicago Bears alipiga yadi 43 dhidi ya Philadelphia Eagles, na Treyvon Hester akauparaza kwa ncha za vidole. Mpira uliendelea, ukagonga mlingoti wa kushoto, ukagonga mtambaapanya, ukarudi uwanjani. Ungedunda upande wa pili, Chicago wangeshinda licha ya kuparazwa. Walifungwa 16 kwa 15, na kesho yake ligi ikauandika rasmi kuwa mkwaju uliozuiwa.

Hata mpira uliopita unaweza kuzua ubishi. Novemba 18, 2007, mjini Baltimore, Phil Dawson wa Cleveland Browns alipiga yadi 51 mwisho wa mechi. Uligonga mlingoti, ukaenda kugonga chuma kilichopinda kinachoushikilia mtambaapanya kwa nyuma, ukarudi kuangukia mbele ya goli. Mwanzoni uliamuliwa kuwa haukuingia. Wachezaji wakaanza kuondoka. Waamuzi wakakaa pamoja, wakajadiliana, wakageuza: chuma kile kiko nyuma ya goli, mpira hauwezi kukigonga kutoka mbele bila kupita kwanza. Cleveland wakasawazisha 30 kwa 30, kisha wakashinda kwenye muda wa nyongeza. Wakati ule kanuni haikuruhusu fildi goli kuhakikiwa kwa video, na mwaka uliofuata ligi ikabadilisha hilo. Nawapenda waamuzi wa siku ile kwa sababu walikubali kugeuza mbele ya uwanja uliojaa wenyeji.

Na usisahau mkwaju mfupi ambao hakuna aliyeuzuia. Kwa NCAA na NFL, mpinzani anaweza kuudaka na kukimbia, hata akiwa ndani ya eneo lake la goli; kwa NFHS anaweza pia, ila kabla tu mpira haujavuka mstari wa goli. Novemba 30, 2013, kwenye mechi ya vyuo vikuu, Alabama walipiga yadi 57 dhidi ya Auburn zikiwa zimebaki sekunde moja, mpira ukapungukiwa, Chris Davis wa Auburn akaudaka ndani ya eneo lake mwenyewe na kukimbia uwanja mzima. Auburn 34, Alabama 28. Waliokuwa uwanjani upande wa Alabama walikuwa majitu ya kuzuia, hawakuwa watu wa kumkimbiza mwanariadha. Amani akishapiga, anakuwa mlinzi wa mwisho. Makocha wengi wa sekondari hawalifanyii mazoezi hili vya kutosha.

Pointi ya ziada baada ya tachidauni ina hesabu yake. Kwa NCAA, na kwa NFL tangu 2015, wapinzani wakiuzuia mkwaju huo wanaweza kukimbia nao hadi upande wa pili na kupata pointi 2. Novemba 13, 2016, New Orleans walisawazisha 23 kwa 23 dhidi ya Denver dakika za mwisho, pointi ya ziada ingewapa uongozi, Justin Simmons akaruka juu ya mrushaji na kuizuia, Will Parks akakimbia nao hadi mwisho pembezoni kabisa mwa mstari wa nje. Denver wakashinda 25 kwa 23. Kuruka juu ya mrushaji kulipigwa marufuku mwaka uliofuata. Kwa NFHS, wapinzani wakiuchukua mpira wa pointi ya ziada, mchezo umekwisha hapo hapo, hakuna cha kukimbia.

Mwambie Amani hivi. Mkwaju ukizuiwa, jambo la kwanza atafute mstari, kisha mpira. Ukiwa nyuma ya mstari, auchukue na kukimbia, au aulalie kama hakuna njia, maana mpinzani akiuokota pale anaweza kwenda nao hadi mwisho. Ukiwa umevuka, asiuguse, ila akae hatua mbili kutoka ulipo, akiitazama mikono ya wapinzani. Ikiugusa tu, aulalie kwa mwili wote. Asijaribu kuuokota, kwa sababu akiuchukua mpira utakufa pale pale na mbio hazimpi yadi hata moja. Anavyojua kuulalia, nadhani hilo kocha wake ameshamfundisha.

Na wakialikwa kucheza ng'ambo ya mto, Oklahoma, kocha awakumbushe kabla ya kuingia uwanjani kwamba kule fildi goli iliyokosa inahesabiwa kama mkwaju mwingine wowote. Haurudishwi yadi ya 20 isipokuwa umevuka mstari wa goli. Ukitulia kwenye yadi ya 5, wapinzani wanaanzia yadi ya 5, na wenzake Amani wanaruhusiwa kuukimbilia na kuusimamisha hapo kabla haujaingia eneo la goli.